Masanduku Sita ya Tope la Bahari Kuu

Mwaka 1998 Ghalia binti Marzouq, mwalimu wa sayansi katika skuli ya wasichana mjini Ibra, Oman, alipanda meli ya uchimbaji akakaa baharini siku hamsini na nane. Meli ile haikutafuta mafuta. Ilishusha mabomba kilomita nne na nusu mpaka sakafu ya bahari, ikachota mashapo, yaani tope lililojikusanya huko kwa mamilioni ya miaka, ikayapandisha yakiwa ndani ya neli, tabaka juu ya tabaka kama yalivyolala. Kazi ya Ghalia ilikuwa kuandika kila palipokuwa na weusi. Weusi huo ni manganizi, madini yaliyomo katika maji ya bahari, yanayoganda polepole mno. Mahali pengine huwa mstari mwembamba, pengine huwa donge kama kiazi.

Aliporudi, mamake, Bi Khamisa, alimuuliza swali moja tu. "Siku zote hizo, mwanangu, mmeleta tope?"

"Tope, mama."

"Alhamdulillah. Ungeweza kulipata hapa uani."

Miaka mitano baadaye watu wa Nizwa waliandaa maonyesho ya ardhi na bahari. Daktari Luay, aliyekuwa mkuu wa Ghalia kule melini, aliwapatia kwa mkopo mita sita za mashapo yale, zimekatwa vipande vya mita moja moja, kila kipande kimelala katika sanduku lake jembamba la mbao. Nambari na mshale wa kuonyesha juu ni wapi viliandikwa kwenye kifuniko. Sharti lilikuwa moja: mpangilio usivurugwe. Ukivurugika, huna tena historia ya bahari, una tope.

Masanduku yalikuwa Sur, ambako yalikwisha kuonyeshwa kwa wanafunzi. Adham, mdogo wake Ghalia, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye pikapu mpya na maneno mengi, alijitolea kwenda kuyachukua.

Alifika Ibra saa nane mchana, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kufungua. Aliyashusha masanduku barazani kwa adabu isiyokuwa yake. Ghalia akashuku papo hapo. Akafungua kifuniko namba moja. Ndani palitakiwa pawe na udongo wa rangi ya kahawia, ule wa juu kabisa. Akakuta tope la kijani kama hina mbichi.

"Adham."

"Naam, dada."

"Hili ni la chini. Limefikaje humu?"

Adham alitazama dari. "Wallahi ni tuta. Pale Jalan Bani Bu Hassan wameweka tuta kubwa. Mlango wa nyuma ukafunguka, boksi zimeanguka. Tope haijamwagika, dada, imeshikana vizuri! Vifuniko tu ndo zilitawanyika. Mimi nikaokota, nikafunika."

"Ukafunika lipi kwa kipi?"

"Kila boksi nimeipa moja."

Ghalia alikaa chini. Hakulia, lakini alivua miwani akaifuta mara tatu. Picha za mpangilio wa kwanza alikuwa nazo Daktari Luay, na Daktari Luay wakati huo yuko ndani ya ndege, anatoka Ulaya, simu yake imezimwa.

"Tufanye hivi," Adham alisema kwa sauti ya chini. "Tuyapange tu. Nani atajua? Tope ni tope."

"Mimi nitajua," Ghalia alijibu. "Nyanyuka. Yalete yote ndani, tandika mkeka."

Waliyapanga masanduku sita wazi sebuleni, na Ghalia akapiga magoti na kalamu na karatasi. Kwanza alitenganisha rangi: matatu ya kahawia, mawili ya kijani, na moja lenye rangi zote mbili, baina yake mstari mweusi kama wanja.

"Tazama hapa," alimwambia ndugu yake, na hasira ilikwisha kuanza kumtoka, kwani kufundisha kulimtuliza siku zote. "Kwenye kijani hakuna hewa. Manganizi ikiwa huko chini huyeyuka, ikapanda na maji yaliyomo kwenye tope. Ikifika penye hewa haiwezi kuendelea, inaganda. Ndiyo huu mstari. Kwa hiyo kahawia juu, kijani chini, na hili ni la nne."

Adham aliinama. Hajapata kulitazama tope muda mrefu namna ile. "Kwa hiyo hii mstari ni kama... forodhani. Vitu zimefika, zimezuiliwa."

"Huu mstari. Vitu vimefika," Bi Khamisa alisahihisha kutoka jikoni. "Nimekulea kwa Kiswahili, wewe unakivunja."

Sanduku la kwanza halikuwasumbua: ncha moja ilikuwa laini na tepetepe, imejaa vijidonge vyeusi mfano wa pilipili manga, na hiyo ndiyo iliyokuwa sakafu ya bahari. Yakabaki mawili ya kahawia, yanafanana kama mapacha. Moja lilikuwa na donge la manganizi, kubwa kama ndimu, limechomoza nusu nje ya udongo. Lilikuwa la pili au la tatu? Na ncha ipi ilielekea juu? Ghalia alitafuta njia za minyoo, vile vishimo walivyotoboa zamani, akitumai kishimo kilichokatwa na msumeno hapa kitaonekana kimeendelea kule. Alikipata kimoja, cheusi, kinene kama kidole, kwenye ncha moja ya sanduku la donge. Lakini kilikuwa katikati kabisa, na chini ya la kwanza na juu ya la nne palikuwa na vishimo mfano wake, kwa hiyo kiliungana na jirani, sanduku likae hivi au lipinduliwe.

Alasiri ilikatika. Bi Khamisa alitoka jikoni na sinia la wali, akakuta hapana pa kuliweka.

"Chakula kitapoa kwa ajili ya matope!" Akainama kuona nini kinawashughulisha, na kabla hajazuiwa akalishika lile donge kwa vidole viwili, akalipapasa juu na chini.

"Mama, usiguse!"

"Nishagusa. Mbona huku laini hivi, na huku kama mbuzi?"

Adham aliruka. "Mbuzi? Nani kakwambia habari ya mbuzi?"

Bi Khamisa aliliweka sinia juu ya kiti. Yeye alikusudia mbuzi ya kukunia nazi, ile yenye meno. Mwanawe alikulia Oman. Mbuzi aliowajua yeye ni wa miguu minne.

"Mbuzi gani, Adham?" aliuliza polepole.

Basi ikabidi yatoke. Hapakuwa na tuta. Palikuwa na mbuzi sita wanavuka barabara, na Adham hakuwaona mpaka wako mbele yake, kwa sababu alikuwa anazungumza kwa simu.

"Na nani?"

"Na Nada," alisema, masikio yamemwiva. "Binti Musabbah, wa Sur. Nataka mkaniposee, mama, lakini nilikuwa sijapata pa kuanzia."

"Umepata leo," mama alisema, akajitahidi kununa, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta.

Ghalia hakuwa amesikia habari ya posa. Alikuwa amelala kifudifudi, kidole kiko kwenye donge. "Mama," alisema, "umelitatua! Huku laini ndiko kulikotazama maji. Huku kwenye meno ndiko kulikokaa kwenye tope. Juu ni huku!" Akaligeuza lile sanduku, kile kishimo cha mnyoo kikawa chini, kikaungana na cha sanduku la nne. Basi hili ni la tatu, na pacha wake ni wa pili. Akainuka, akamkumbatia mamake na mikono yake michafu. Halafu akageuka. "Nada nani?"

Ya kijani waliyapanga kwa kulinganisha rangi, Ghalia akiwa na yakini kamili, wakala wali uliopoa kabla ya magharibi.

Asubuhi walikwenda Nizwa wote watatu, Ghalia akiwa nyuma ya usukani na simu ya Adham mkobani mwake. Daktari Luay aliwapokea mlangoni, kavaa suti iliyokunjamana kwa safari. Kabla hajamaliza salamu, Ghalia alimwambia yote: mbuzi, vifuniko, mkeka, mpaka vidole vya mama. Adham alisimama kando yake akasema, "Kosa langu, daktari. Yeye hana kosa."

Daktari alitoa picha kwenye mkoba, akapita sanduku baada ya sanduku. La kwanza. La pili. La tatu akalikawilia, akaligusa lile donge. La nne. La tano. Kwenye la sita akasimama.

"Hili mmelipindua," alisema. "Nani alilipanga hili?"

"Mimi," Ghalia alisema.

"Na la donge?"

"Mama."

Daktari Luay alicheka, akaligeuza la sita mwenyewe. Kisha akasema jambo ambalo Ghalia hakulitarajia: kuwa miaka yote amekuwa akiwaonyesha watu mashapo, wanatazama nusu dakika wanakwenda zao, safari hii angependa watu waambiwe jinsi yalivyopangwa upya. Akamuuliza Adham kama anaweza kueleza.

Adham aliweza. Siku nzima alisimama pale akieleza, kwa Kiarabu na Kiswahili, forodha ya manganizi, akipiga magoti kuonyesha njia za minyoo, na watu walijaa. Wazee wawili kutoka Tanuf walimuuliza donge lile limechukua muda gani kukua.

"Milimita chache kwa miaka milioni," alisema.

"Na ninyi mkaliangusha," mmoja akasema.

Bi Khamisa, aliyekuwa amepewa kiti mbele kabisa, alimgeukia. "Halikuvunjika. Na mwezi ujao, inshallah, tunakwenda Sur kuposa."

Mzee hakuelewa hayo yanahusianaje, lakini alimpa mkono wa heri.