Na Mizizi Yake

Mimi sina subira na watu wanaoita mimea iliyokaushwa takataka. Chumba tunachofanyia kazi mimi na mdogo wangu kimejaa makabati ya chuma, na ndani yake, juu ya karatasi ngumu, imebandikwa mimea ya jangwa hili lote. Kabati la dirishani lina ule mmea mdogo wa matunda ya njano, kila tunda limejifunika ganda jembamba kama limevaa mfuko. Lebo zake zote zinataja bonde moja tu.

Na bonde hilo ndilo kampuni moja ilitaka kulichimba ipate changarawe.

"Karatasi zenu ni za zamani mno," mkaguzi wa mazingira kutoka serikalini alituambia mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. "Nionyesheni mmea hai, umesimama ardhini, nitazuia katapila. La sivyo, kesho wanaanza."

Basi tukaenda naye. Jua lilikuwa la kuchemsha ubongo. Tukapekua mawe, tukatambaa kwa magoti, koo zikakauka hadi nikashindwa hata kumsonya mkaguzi aliyejikalia garini na kiyoyozi chake. Mchana ukapita, hola. Nikakaa chini nikalia kama mtu aliyefiwa, wala sioni aibu kusema.

Ndipo nikasikia, "Dada! Dada wee, nimeupata!"

Mdogo wangu alikuwa anakuja mbio kutoka nyuma ya mwamba, meno yote nje. Ameuinua juu mkononi: majani, matunda na mizizi yote, udongo ameshaukung'uta vizuri. Mimi ndiye niliyemfundisha. Mara ngapi nimemfokea mbele za watu, "Usiniletee mmea bila mizizi, nibandike nini?" Mkono wake ulishazoea. Aliuona tu, akachimba.

Nikaitazama ile mizizi, kisha ule mwamba. "Kuna mwingine huko?"

Uso ukamshuka. Akauangalia mkono wake. "Ulikuwa peke yake. Mungu wangu, dada, nimefanya nini?"

Tukaurudisha shimoni, tukaumwagia maji yetu yote ya kunywa, nikasimama kuukinga na jua. Wapi! Majani yakazidi kulala. Mkaguzi akaja, akaugusa kwa ncha ya kiatu, ukaangukia ubavu.

"Huu mmeuchomeka. Mnanifanya mimi mjinga?"

"Haki ya Mungu umetoka hapa hapa!" nikapiga kelele. "Angalia mizizi!"

"Mizizi naiona, mama. Ndiyo tatizo lenyewe." Akarudi garini.

Mdogo wangu alijikunyata pale chini, analia bila sauti. Nilitaka kumzaba kofi, nilitaka kumkumbatia, sikufanya lolote kati ya hayo. Nikafungua mbao za kubania na kukaushia mimea tulizokuja nazo, nikatandaza gazeti, nikaulaza mmea, nikaanza kunyoosha majani, maana yakishakauka hayanyooki tena.

"Shika hapa," nikamwambia, na yeye akashika.