Madirisha ya Jumamosi

Fundi saa alikwaruza ukingo wa saa yangu kwa ncha ya kibano, na kitu chembamba kama ganda la kitunguu kikabanduka. Akakiinua kwenye mwanga, akakinusa, akatabasamu.

"Bibi, nani alikuwa akiipaka saa hii rangi ya kucha?"

Nikamwambia sijapata kupaka rangi ya kucha maishani mwangu, si kwenye kucha wala kwenye saa. Mjukuu wangu, aliyekuwa ameegemea meza ya fundi, akacheka. Saa sasa nilikuwa nampa yeye. Jumatatu angeanza kazi ya uuguzi, na nesi asiye na mshale wa sekunde atahesabuje mapigo ya moyo? Mimi nilitaka tu isafishwe, itembee tena.

"Basi yupo aliyepaka," fundi alisema. "Ile angavu, isiyoonekana. Tabaka juu ya tabaka, mgongoni, ukingoni, mpaka hapa mkanda unaposhikia. Kioo amekikwepa. Kitufe cha kujazia saa amekikwepa. Huyu mtu alikuwa na mkono mtulivu. Dhahabu ya saa hizi ni ngozi tu, Bibi. Jasho likiigusa, mwaka wa pili shaba imeshachungulia. Hii yako ina miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

Akapiga mluzi.

"Kwani Bibi," mjukuu akauliza, "si ulisema ni dhahabu tupu?"

"Babu yako ndiye aliyesema."

Alisema hivyo siku aliyonivisha. Alikuwa mwoka mikate, unga hautoki kwenye nyusi zake hata akioga. "Dhahabu tupu," akasema, na macho yake yaling'aa kuliko saa yenyewe. Kesho yake dada yangu, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, aliipima kiganjani. "Dhahabu gani nyepesi kama kifungo? Hii imepakwa, mdogo wangu." Nikamwomba afunge mdomo, na kwa mara ya kwanza akaufunga.

Tangu hapo nikaitunza. Sikufulia nayo, sikupikia nayo, wala sikujipulizia manukato nikiwa nimeivaa. Nikiivua niliifuta jasho kwa kitambaa laini, ndipo nikairudisha kwenye kisanduku chake. Watu walidhani naringa. Kumbe nilikuwa naogopa siku ambayo shaba ingetokea mbele ya mume wangu, akajua kwamba najua.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo hata dada sikumwambia. Jumamosi moja kila mwezi nilikwenda kwa mama kumfulia. Saa niliiacha nyumbani kwa kuogopa sabuni. Nikirudi jioni nilikuta madirisha yote mawili ya chumbani yamefunguliwa, hata siku za baridi, na bado harufu kali ya rangi ya kucha imebaki ndani. Vidole vya mume wangu, ambavyo siku zote vilinukia mkate, vilinukia hivyo hivyo. Kama si kucha zangu, basi ni za nani?

Sikuuliza. Nilikuwa na watoto watatu, na jibu nililiogopa. Nilinyamaza siku mbili, wakati mwingine tatu. Yeye aliniletea mkate wa moto, ameufunga kwa taulo usipoe njiani, nami niliuacha mezani mpaka ukapoa. Aliula mwenyewe, bila neno. Mama alipofariki safari zikaisha, na harufu ikaisha. Swali langu likabaki.

"Niibandue yote?" fundi akauliza. "Imeanza kuwa manjano. Nitakupakia mpya."

"Usiiguse," nikasema, kwa sauti iliyomfanya mjukuu anigeukie. "Hapo tu ulipokwaruza ndipo pa kuzibwa. Na wa kuziba yupo."

Nyumbani tulimkuta babu yake kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini.

"Saa imepona?" akauliza.

"Imepona. Fundi anakusalimu. Anasema una mkono mtulivu."

"Ananijulia wapi?"

"Kwa rangi ya kucha."

Akainamisha uso, akaanza kuchezea nyuzi za blanketi. "Basi umejua," akasema. "Sikuwa na uwezo wa ile ya dhahabu kweli. Nikaona nikuambie dhahabu, halafu niizuie isiniumbue."

"Kwamba si dhahabu nilijua kesho yake. Dada aliniambia."

"Yule dada yako." Akatikisa kichwa, kisha akaanza kucheka, mabega yote yakitikisika. "Miaka yote ile nilipaka kwa kujificha kama mwizi. Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Mjukuu alikuwa akitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia mazungumzo yakiwa katikati. Nikaitazama mikono ya mume wangu. Niliikumbuka mikate ile, taulo zile, na jinsi alivyotafuna polepole upande wa pili wa meza huku mimi nikitazama ukuta.

"Zile Jumamosi," nikaanza, "nikirudi nikikuta madirisha wazi..."

"Nilikuwa nafukuza harufu. Nilijua ukiinusa tu, umenikamata." Akaniangalia. "Kwani ulidhani nini?"

Neno lilifika kwenye ulimi. Nilimwona alivyokonda, na blanketi lilivyokuwa kubwa kwake.

"Nilidhani unapenda upepo," nikasema.

Sijui kama aliamini. Kisha akanyoosha kiganja, nikamwekea saa. Mjukuu akatoa kichupa kwenye mkoba wake. "Chukueni tu," akasema. "Kazini wametukataza kupaka."

Mkono uliosifiwa na fundi sasa ulikuwa unatetemeka. Nilivuta kigoda nikakaa, nikamshika kifundo cha mkono kwa chini, na brashi ikatulia. Alipaka mahali palipokwaruzwa, mara moja, mara mbili, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Huenda ndivyo alivyokuwa akifanya Jumamosi zote zile.

Akaipuliza. Harufu ikajaa chumba kizima. Mjukuu akakunja pua, akanyoosha mkono kufungua dirisha.

"Liache kwanza," nikamwambia.