Safu ya Yasiyowezekana

Kila Jumatatu, kabla ya kufungua faili lolote, Mwalimu Ildefons Byarugaba alichonga penseli yake nyekundu kwa wembe, akakusanya maganda yake kwenye kipande cha gazeti, akatafuna punje mbili za kahawa kutoka kwenye kifurushi cha majani makavu ya mgomba, ndipo akasema yuko tayari kusoma. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido ndefu ya Ofisi ya Usomaji wa Vijana, Bukoba mjini, karibu na ziwa kiasi kwamba msimu wa mvua karatasi zote zilinuka samaki. Kazi yake ilikuwa kuhakiki riwaya za vijana: za majini, za vyombo vya kwenda mwezini, na za mambo yatakayokuwa mwaka 2000. Riwaya za mapenzi zilisomwa chumba cha jirani, na mhakiki wa huko alinenepa kwa furaha.

Mwaka huo wa 1976 kila kijana aliyepata kalamu alikuwa anaandika. Wavulana watatu wa Kamachumu walikwenda mwezini kwa chombo kilichoundwa kwa mapipa ya mafuta ya taa, wakakuta huko hakuna chama cha ushirika, wakakianzisha. Samaki wa Bumbire alijibu maswali ya hesabu. Gari lilitembea kwa pombe ya ndizi mpaka Mwanza bila kusimama. Byarugaba aliyasoma yote kwa uso wa mtu anayesoma risiti, na uhakiki wake ulichapwa kila mwisho wa mwezi kwenye jarida la ofisi. Kuhusu samaki aliandika: "Mhusika ana nidhamu na anapenda shule, ila mwandishi hajatueleza ni nani aliyemfundisha kugawanya." Vijana walimwogopa, naye alipenda kuogopwa, hilo tuliseme mapema.

Kila mswada ulikuwa na fomu yake, na fomu ilikuwa na safu mbili, Yanayowezekana na Yasiyowezekana, zijazwe kwa mkono wa mhakiki mwenyewe. Jambo lisilowezekana liliruhusiwa kama lilikuwa na funzo kwa taifa. Lisilowezekana na lisilo na funzo lilifutwa. Kwa miaka mitano Byarugaba hakuwahi kukosea safu.

Mwezi wa nne uliletwa mswada wa binti wa kidato cha nne, Immakulata Kokubanza, umeandikwa kwenye madaftari matatu ya shule yaliyoshonwa pamoja kwa ugwe wa mgomba. Uliitwa *Kibanja Kinachotembea*. Bibi mmoja wa Muleba anahamishwa kutoka shambani kwake na kupelekwa kijiji kipya huko Ngenge. Anakiacha kibanja chake, yaani migomba yake, mibuni yake, na makaburi ya wazee wake katikati ya migomba, kwa kuwa Mhaya huzikwa kwake na si pengine. Bibi anafariki mvua za kwanza, anazikwa kando ya barabara kwenye changarawe. Kule nyuma migomba inasubiri, inachoka kusubiri, inang'oa mizizi na kuanza safari ya kumfuata.

Byarugaba alisoma sura mbili za kwanza akiweka vema nyekundu pembeni. Binti alijua kuandika. Migomba ilitembea kama migomba ingetembea, polepole, ikisimama kwenye vivuli. Kisha akafika sura ya tatu, na humo hamkuwa na uchawi wowote. Watu wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini walikuja asubuhi. Walitoa vyungu na mikeka nje, wakamvuta ng'ombe kutoka zizini, wakachoma paa ili mtu asipate mahali pa kurudi. "Chini ya mibuni," Immakulata aliandika, "alisimama mwalimu mwenye daftari. Alimuuliza bibi jina lake. Bibi akasema, Kokuberwa. Mwalimu akaliandika kwa herufi nzuri, akaweka vema mbele yake. Moto ulipowashwa alikuwa anachonga penseli."

Byarugaba alifunga faili akaenda kunywa chai. Miaka miwili nyuma walimu wengi, hata wa maofisini, walipewa madaftari na kupandishwa kwenye malori ili waandike majina ya wanaohamishwa. Mwalimu wa chini ya mibuni alikuwa yeye.

Jumanne asubuhi mgomba wa kwanza ulifika ofisini. Ulipanda ngazi, ukaacha matope kwenye kila ngazi, ukasimama kwenye korido karibu na benchi la wageni. Asha, mpiga chapa, ambaye pia alitunza daftari la wageni, aliuuliza jina na ulikotoka. Ulipokaa kimya akaandika mwenyewe: Mgomba, Muleba, saa mbili na robo. Kwenye nafasi ya "Anamtaka nani" akaweka kistari, akarudi kwenye mashine yake.

Kufikia Alhamisi ilikuwa kumi na mmoja. Dereva wa basi la Muleba alieleza kwamba aliipita njiani, akaipigia honi, nayo ikasogea pembeni vizuri kuliko wenye baiskeli. Kwenye kizuizi cha magendo ya kahawa ilipekuliwa, haikukutwa na kitu, ikaruhusiwa. Majani yake yote yalikuwa yameungua upande mmoja, na kila asubuhi Asha alizoa majivu chini yake kwa ufagio wa chelewa. Haikusumbua mtu. Ilikunywa maji ya ndoo nyekundu ya kuzimia moto, na ilikataa tu kusimama karibu na jiko la mkaa la chai, kwa hiyo jiko likahamishiwa nje.

Alhamisi hiyohiyo Immakulata akaja, amevaa sare ya shule na viatu vya kuazima. Aliipita migomba akiigusa mmoja mmoja, kama mtu anayesalimia ndugu msibani, akaingia chumba cha mwisho na kupiga magoti mlangoni kama alivyofundishwa.

"Kasinge, waitu," akamwamkia kwa heshima, kwa Kihaya.

"Kasinge. Inuka, mwanangu, kaa."

Alikaa. Byarugaba alimsogezea kifurushi cha kahawa, kama mgeni anavyokaribishwa. Akachukua punje moja, akaishika bila kuitafuna.

"Ile migomba ni yenu?"

"Ni ya bibi. Ilikwenda Ngenge kwanza, Mwalimu. Haikumpata. Kaburi lake halina msalaba wala jina, na greda limepita juu yake mara mbili. Jina lake limeandikwa mahali pawili tu hapa duniani. Pa kwanza ni lile daftari lako."

Byarugaba alitazama dirishani. "Lilipelekwa wilayani," akasema. "Halirudi."

"Basi imebaki sura ya tatu. Kwingine kote nimemwita bibi tu. Ndiyo maana migomba imekuja hapa."

"Kwa hiyo ulijua kwamba mhakiki ni mimi."

"Nilijua. Sikuleta ili nikuaibishe, waitu. Jina lako sijaliandika. Nimeleta kwako kwa sababu mhakiki mwingine angesema nimetunga, na wewe huwezi kusema hivyo."

Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Byarugaba. Angepigiwa kelele angejua la kufanya. Alikuwa mwalimu miaka ishirini na sita. Alimwahidi kwamba sura ya tatu itasimama kama ilivyo. Alisema hivyo kwa moyo wake wote, na kwa muda wa siku moja alijisikia mwepesi, akalala vizuri, akamsifu mke wake kwa maharage ya kawaida kabisa.

Kamati ilikaa Ijumaa saa nne. Mwenyekiti, Ndugu Zahoro, alikuwa mtu wa Pangani, mpole, mwenye miwani mizito, aliyewapenda vijana na kuugua kifua kwa baridi ya Bukoba. Kwa kuwa korido ilikuwa imejaa, jani moja la mgomba lilikuwa limeingia kupitia dirisha la juu ya mlango na kuning'inia mezani. Ndugu Zahoro alilisukuma pembeni kwa upole ili aone makaratasi yake. Mkono wa shati lake ukabaki na masizi.

"Kitabu kizuri," akaanza. "Migomba inahama kwa hiari yake, inajiunga na kijiji. Funzo hili tumelitafuta muda mrefu. Mwalimu, migomba umeiweka safu ipi?"

"Yanayowezekana," akasema Byarugaba.

"Naam, tumeiona. Hakuna ubishi." Wajumbe wakatikisa vichwa. "Linalonitatiza ni hii sura ya tatu. Humu serikali ya wakulima inachoma nyumba ya mkulima. Mzee wangu, mimi si mwenyeji, nisije nikasema nisilolijua. Wewe ni mtu wa Muleba. Umewahi kuliona jambo kama hili?"

Swali lilikuwa la kweli. Baadaye Byarugaba alijaribu kujiaminisha kwamba lilikuwa mtego, lakini halikuwa. Mwenyekiti alishika kalamu akisubiri jibu, na angeliandika lolote ambalo angeambiwa. Jani lilikuwa limerudi mezani, limelala kati yao. Byarugaba alifikiria kitabu kikiwa madarasani, Kamachumu, Rubya, kila mahali, na watoto wakiwauliza wazazi wao mwalimu mwenye daftari alikuwa nani, na wazazi wakimjua. Akafikiria vijana waliokata uhakiki wake na kuubandika ukutani.

"Sijawahi kuliona," akasema.

Na kama tukitaka kumtetea, hakusema uongo, kwa maana moto ulipowashwa alikuwa anaitazama penseli.

"Basi weka kwenye safu yake," akasema Ndugu Zahoro, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. Byarugaba akaichukua fomu na kuandika kwenye safu ya Yasiyowezekana: Sura ya tatu, kuchomwa kwa nyumba. Halina funzo. Ifutwe. Ofisi ilikuwa na utaratibu kwamba kurasa zilizofutwa zichomwe siku hiyohiyo, zisije zikachanganyika na nyingine. Asha alizipeleka kwenye jiko la mkaa lililokuwa nje. Migomba yote kumi na mmoja iligeuza majani yake kuelekea mlango wa nyuma, ikakaa hivyo mpaka moshi ulipoisha.

Uhakiki ulitoka mwisho wa mwezi. "Kazi ya kuaminika kabisa," aliandika Byarugaba. "Safari ya migomba imesimuliwa kwa ukweli ambao waandishi wakubwa wangeuonea wivu. Mahali pamoja tu mwandishi mchanga aliacha mawazo yamchukue, nasi tumemsaidia." Walimu waliukata na kuubandika.

Kitabu kilitoka kiwandani mwezi wa kumi na moja, senene, wale panzi wa kuliwa, walipokuwa wanaanguka mjini na kila mtu yuko nje na debe. Jalada lilikuwa la kijani, lenye mchoro wa migomba inayotabasamu. Immakulata aliitwa kuchukua nakala zake sita. Safari hii alifika mlangoni akasimama wima, na Byarugaba hakumwambia akae, kwa kuwa hakujua kama ana haki ya kumwambia lolote. Binti alifungua kitabu, akapita sura ya pili, akakuta sura ya nne imepewa namba tatu.

"Bibi yangu yuko wapi?" akauliza.

Byarugaba alisogeza kifurushi cha kahawa mezani. Akakirudisha.

"Kamati," akasema.

"Uhakiki wako ulipobandikwa niliwauliza walimu wangu kamati ilimsikiliza nani. Wakasema ilimsikiliza mhakiki."

Alitoka, akaketi kwenye benchi la wageni kati ya migomba, akaisomea kitabu kizima kwa sauti, kuanzia jalada mpaka jina la kiwanda cha uchapaji. Ilimchukua muda wa saa tatu. Asha aliacha kuchapa ili asimsumbue. Migomba ilisikiliza bila jani kutikisika, kama watu wanaosomewa orodha. Alipomaliza ilibaki ikisubiri, kwa maana jina lililoifanya itembee kutoka Muleba halikutajwa. Immakulata alimtaja bibi yake kwa mdomo, mara moja, mara mbili, lakini mdomo hauna pa kuzikia mtu, na migomba haikuondoka. Akaacha nakala tano kwenye benchi, akachukua moja, akaenda kupanda basi.

Migomba ipo mpaka leo. Ilizaa mwaka uliofuata, mikungu mikubwa ya ndizi za kupika, na kamati iliamua kwamba ni mali ya ofisi. Siku za kikao Asha huzipika kwa maharage. Wajumbe husema ni tamu ila zina ladha ya moshi, na kuongeza chumvi. Wahenga walisema mgomba changaraweni haupandwi ukamea, lakini hawakusema kitu kuhusu saruji.

Kila Jumatatu Byarugaba huchonga penseli yake. Sauti ya wembe ikianza, majani yote ya korido hugeukia mlango wake. Alimwita fundi akamhamishia meza upande wa pili. Majani nayo yakahama. Sasa amezoea. Amekuwa mhakiki mkali kuliko zamani, na wiki iliyopita alimrudishia kijana wa Rubya riwaya ya mtu asiyeonekana akisema haieleweki mtu kama huyo anapataje mshahara.

Mwisho wa mwaka ule wa 1976 mkaguzi alitaka daftari la wageni lifungwe. Asha alilileta chumba cha mwisho, limefunguliwa kwenye ukurasa wa mwezi wa nne. Kwenye nafasi ya "Anamtaka nani" kistari chake kilikuwa bado pale, kwenye mistari yote kumi na mmoja.

"Mwalimu, hawa wageni hawajatoka. Na sijui waliyemtaka. Niandikeje?"

Byarugaba alilijua jina. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliandika. Alishika penseli, akaitazama ncha yake kwa muda.

"Acha hivyohivyo," akasema.

Ofisi ilitaka ukurasa usiokamilika uidhinishwe na ofisa. Akaweka sahihi yake chini, kwa herufi nzuri, na vema mbele yake.