Kola ya Dobi

Mvua ya mchana ilipoanza kupiga bati, fundi cherehani aliwasha taa ya duka, akafuta miwani kwa kipande cha kitambaa, akafungua kitabu pale alipokuwa ameweka utepe wa kupimia ili asipoteze ukurasa. Mama Mkasi, aliyekuwa akikata suruali za wanafunzi kwenye meza kubwa, alipunguza mwendo ili mkasi usipige kelele. Mshona vifungo alisogeza kigoda chake. Na Dobi, aliyekufa msimu wa mvua uliopita, aliingia, akakung'uta miguu mlangoni, akaketi kwenye benchi karibu na pasi.

"Mmefika wapi?" aliuliza.

"Mwoka mikate ameona tope kwenye kiatu cha mtu," alijibu Mama Mkasi. "Kaa, usitucheleweshe."

Fundi alijifunza kusoma akiwa na wajukuu tayari, kwenye masomo ya jioni, kwa maombi mengi. Alimwomba Mungu herufi na Mungu akampa, ingawa moja moja, na mpaka leo alisoma kidole kikiwa chini ya neno. Alikuwa amedhani atasoma maneno matakatifu tu. Kumbe kwenye kabati la darasa kulikuwa na kitabu kinene kilichochanika jalada, hadithi ya kijiji fulani ambako mwalimu wa kwaya alikutwa amekufa juu ya kinanda chake, chai yake ikiwa haijaisha. Polisi walikuna vichwa. Aliyekuwa akitafuta ukweli ni mjane mwoka mikate, ambaye alizunguka na baiskeli kupeleka mikate nyumba kwa nyumba na kuuliza maswali ambayo kila mtu aliyaona ya kipuuzi. Damu haikuwamo. Kila sura ilikuwa na chai na umbea kidogo, na kila mtu alikuwa na jambo la kuficha.

Fundi alikipenda kitabu hicho kupita kiasi. Alikanyaga cherehani huku akiwaza nani amemuua mwalimu wa kwaya. Siku moja, akiwa amepiga magoti, alijikuta anamwomba Mungu muuaji asiwe daktari wa mifugo, kwa sababu alikuwa amemzoea. Alitubu papo hapo, lakini hakuacha kusoma.

Katika kubahatisha, hakuna aliyemfikia Dobi.

"Mtazameni anayelia kuliko wote mazishini," alisema mara nyingi. Kila mara Mama Mkasi aliona ghafla uzi wa kukata.

Maana kwenye mazishi ya Dobi mwenyewe hakuna aliyelia kama mumewe, Seremala. Jeneza alilitengeneza kwa mikono yake, akalipiga msasa mpaka likawa laini kama sahani, na watu wakamsifu. Ilisemekana Dobi aliteleza kwenye ngazi za nyuma akiwa na beseni la nguo. Watu walilisema hilo haraka haraka, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Fundi na Mama Mkasi ndio waliomwosha. Shingoni waliona alama za vidole, dole gumba upande mmoja na vingine upande wa pili, vimekaa wazi kama vimechorwa kwa chaki. Fundi alichukua vipimo na kumshonea gauni la kuzikiwa lenye kola ndefu, akatia kitambaa kigumu ndani yake ili isilale.

"Tumemsitiri mwenzetu," alisema Mama Mkasi walipomaliza.

Fundi aliitikia. Jioni, alipokuwa akisali, ndipo alipojiuliza waliyemsitiri ni nani hasa, na sala ile hakuimaliza.

Dobi alianza kuja dukani siku kitabu kilipofunguliwa. Hakuna aliyemkataza. Alikuwa mpenzi wa hadithi tangu zamani, na benchi lilikuwa tupu. Hakuwa na malalamiko ila kola. Ilimbana. Aliweza kucheka, kutania na kumkosoa mtu aliyekunja shati vibaya, lakini kila zilipotajwa zile ngazi, kola ilikaza na yeye akaanza kukohoa.

Mshona vifungo, aliyehamia kijijini baada ya mazishi na asiyejua lolote, aliwahi kumuuliza kwa upole, "Dada, kwani wewe ulianguka vipi?"

Dobi alifungua mdomo. Kola ilipanda kidogo. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akamtazama Fundi. Fundi aliinuka kumletea maji, akakaa huko mtungini muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji.

Kesho yake alimchukua Dobi nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akashika wembe, akaanza kufumua. Mshono ulifunguka mbele ya wembe na kujifunga nyuma yake.

"Wembe siyo, mwenzangu," alisema Dobi bila kulaumu.

"Najua," alijibu Fundi, masikio yakimchoma kama yamepigwa pasi.

Alikusudia kusema. Alichagua siku, ikapita, akachagua nyingine. Lakini Seremala alikuwa mtu wa watu. Ndiye aliyetengeneza ile meza ya kukatia na viti vya nyumba ya ibada, tena alisalimia wazee kwa kuinama. Nani angesadiki? Wangesema vitabu vimempanda kichwani mama wa watu, sasa anaona wauaji kila kona. Sababu hiyo ndiyo iliyomwaibisha zaidi, kwa sababu ilikuwa kisingizio kizuri.

Kisha asubuhi moja Mshona vifungo alisema, uso ukiwa umeinamia shati, kwamba Seremala amemposa na yeye amekubali.

"Hongera," alisema Mama Mkasi.

"Hongera, binti yangu," alisema Fundi.

Dobi alikohoa.

Siku ya sura ya mwisho Seremala mwenyewe alikuja kupimwa suti. Alikunja mwavuli, akamsalimia kila mmoja kwa zamu yake, hata Dobi.

"Habari za huko?"

"Salama," alijibu Dobi.

Seremala aliona benchi la Dobi linayumba. Akainama, akachomeka kipande cha ubao chini ya mguu wa benchi, akalitikisa kulijaribu. "Hili lingekuangusha," alisema. Kisha akaomba asubiri humo mpaka mvua ipungue, maana mchumba wake alikuwa amemsimulia kitabu mpaka hapo na yeye alikuwa na hamu ya kujua mwisho. Kwa maoni yake muuaji ni mgeni tu. Watu wa kijiji kimoja wanajuana.

Fundi alisoma. Mwoka mikate aliwakusanya wote ukumbini, akawakatia mkate, na hakuna aliyekula. Aliwazunguka akieleza habari ya tope, ya kikombe na ya kinanda. Kidole cha Fundi kilitembea chini ya maneno.

"'Muuaji,'" alisoma, "'yumo humu humu ndani.'"

Kidole kilisimama. Fundi aliinua macho.

Wote walikuwepo, kama ukumbini. Mama Mkasi alikuwa ameacha mkasi wazi juu ya kitambaa. Dobi alikuwa ameketi wima, mikono shingoni, na uzi wa kwanza wa kola ulikuwa umechomoka wenyewe, ukaning'inia.

"Nani, mama?" aliuliza Mshona vifungo.

"Malizia, mama, usitutese," alisema Seremala.

Fundi alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale mbele, kati ya midomo, kama pini anazozishika hapo akiwa kazini. Alimwomba Mungu nguvu, na kabla ombi halijafika mwisho alijisikia anasema amina. Akainamisha macho. Kidole kikautafuta mstari, kikaupata.

"'Ni daktari wa mifugo.'"

Seremala alijipiga goti na kucheka, akakiri kwamba hapo amebwagwa. Mshona vifungo alipiga makofi. Mama Mkasi aliendelea kukata.

"Alilia mno yule," alisema Dobi, na uzi ukarudi ndani ya kola.

Fundi alimpima Seremala mabega, kifua na mikono. Alipofika mkononi, Seremala alikunjua kiganja ili kumrahisishia kazi. Fundi alipima mpaka kwenye kifundo tu, akasema inatosha. Mvua ikakatika, bwana harusi akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Dobi aliuliza kesho watasoma nini. Fundi alisema kabatini kipo kingine cha mwoka mikate yule yule. Dobi alisema atakuja mapema.

Ilibaki zamu ya bibi harusi. Mshona vifungo alisimama juu ya mkeka, mikono kando, akisema anataka shingo wazi na lesi nyembamba kuizunguka, maana tangu azaliwe ameshona vifungo vya shingo za watu wengine tu. Fundi alikubali. Alitandaza kitambaa cheupe mezani, akashika chaki.

"Mwachie kitambaa cha kola," alisema Dobi kutoka kwenye benchi. "Kitahitajika."

Mshona vifungo alicheka. "Bi mkubwa ananionea wivu," alisema.

Mama Mkasi aligeukia dirisha. Fundi alishika chaki juu ya kitambaa, asiiteremshe. Kisha akaisogeza nje ya mstari wa shingo, upana wa kiganja, akakata hapo. Kilichozidi alikikunjia ndani, mahali ambapo mvaaji hatakiona, akakibana kwa mishono midogo iliyonyooka, akakipiga pasi mpaka kikalala.