Pembea Isiyosimama

Dominika hakutia kitu kinywani asubuhi ile. Wifi yake Josephina alimwekea chai na kiporo cha muhogo, akavisogeza kando akasema ameshiba. Ameshiba nini, na jana yake alikunywa uji mtupu? Alishiba hofu. Na hofu yenyewe hakuweza kumwambia mtu, maana angeitaja wangecheka, na wakishacheka ingekuwa basi. Dominika alitaka kupanda pembea.

Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka ule Malkia alipotawazwa kule Ulaya, na serikali iliamuru watu wafurahi. Bomani Newala kulikuwa na ngoma, mbio za magunia, na mlingoti uliopakwa mafuta ili vijana waukwee, wateleze, wachekwe. Lakini kilichowatoa watu vijijini mwao ni pembea iliyoletwa kwa lori kutoka Lindi: gurudumu la mbao refu kupita paa la boma, lenye visanduku vya kukalia watu, likisukumwa kwa mikono. Kupanda ni bure, na ni siku hiyo moja. Kesho yake lori linaichukua kwenda Masasi, na ya Masasi kwa mtu wa kijiji cha Chilangala asiye na miguu ya kutosha ni kama ya Ulaya.

Maana Dominika alikuwa na mguu mmoja mzima. Wa kulia ulinyauka kwa homa angali ananyonya, ukabaki mwembamba kama mpini wa jembe, akawa anatembelea mkongojo. Mdogo wake Gervas alimpakia nyuma ya baiskeli, na kila mchanga ulipozidi alishuka akakokota, dada mtu akiwa juu, Josephina nyuma yao na kikapu kichwani. Njia nzima Dominika alikuwa akijiuliza atawaambiaje.

Walipofika, yakawa yale yale ya siku zote. Josephina alitandika mkeka kando ya uwanja, akatua kikapu. Jirani akaleta chake. "Weka kwa Dominika," akaambiwa. Mwingine akavua viatu vyake vipya vilivyokuwa vinambana, navyo vikawekwa kwa Dominika. Ndivyo ilivyokuwa kila harusi, kila Pasaka, kila ngoma ya unyago: asiyecheza ndiye mlinzi. Hawakufanya kwa ubaya, na kwa sababu hiyo hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza. Punde si punde alikuwa amezungukwa na vikapu, kanga, na kuku wa mtu, amefungwa miguu.

"Wifi," akasema. "Ungenishikia hapa kidogo. Na mimi nikapande."

"Ukapande nini?"

"Pembea."

Josephina alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Acha, wifi yangu. Ile haisimami, watu wanaidandia ikienda. Ukianguka mimi nitamwambia nini Gervas? Ngoja tukaone mbio za magunia, tutaongea tukirudi."

Wakaenda, yeye akabaki na vikapu. Dominika angeweza kuwaambia watu wote wa uwanja ule kwamba "tutaongea" ni neno la mtu asiyetaka kuongea, lakini alingoja. Jua likapinda. Upepo wa kipupwe ukaanza kupenya kanga. Kila pembea ilipopungua mwendo moyo ulimruka, akidhani ndiyo mwisho, wanaifungua. Akaangalia vikapu. Kikipotea kimoja, atasemwa mpaka mwakani. Asipoinuka, hatasemwa kabisa, ataendelea kuwekewa viatu.

Akakunja ncha ya mkeka juu ya vikapu, kana kwamba mwizi huogopa mkeka, akainuka.

Alitumaini atakuta foleni ndefu, apate muda wa kujikaza au wa kughairi. Huruma ya watu ikamnyima hata hilo. "Mpisheni kiwete," wakasema, wakamsukuma kwa upole kutoka mkono hadi mkono, na kabla hajameza mate alikuwa mbele kabisa, uso kwa uso na mwenye pembea, mzee mmoja aitwaye Bonifasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Bonifasi aliutazama mguu, hakumtazama usoni. "Wewe sikupandishi, mama. Mtu anaingia ikienda. Ukivunjika shingo, Bwana DC ananifunga mimi."

"Humo ndani ni kukaa tu. Kukaa najua, nimekaa maisha yangu yote."

"Nimesema hapana."

Watu wakanyamaza. Kimya kile Dominika alikijua, ni kile cha msibani, na mwenye msiba ni yeye. Akatamani ardhi ipasuke immeze. Akageuka aondoke.

"Mmakonde huyo?" Aliyeuliza alikuwa mmoja wa wasukumaji, kifua wazi, jasho linamtiririka. Wenzake walimwita Safari.

"Mmakonde," akajibu Dominika.

"Mimi Myao wa Chiungutwa. Mzee, toka katikati, huyu mtani wangu. Akivunjika shingo nitakuwa wa kwanza matangani, nile mpaka nibebwe."

Watu wakaangua kicheko. Na kicheko kile hakikumuuma Dominika, kwa kuwa kilimtaka ajibu, na kujibu aliweza.

"Utanidondosha. Wayao mikono yenu imezoea kunyooshea sahani."

"Hiyo hiyo ndiyo itakayokubeba leo."

Bonifasi akasogea pembeni. Utani hauna polisi. Safari akatia bega chini ya kisanduku, pembea ikalegea, akamnyanyua Dominika kama gunia la karanga akamketisha, akapitisha gongo mbele yake la kumzuia asitoke. Dominika akampa mkongojo. "Ukae nao. Huko juu hauna kazi."

Kisanduku kikapanda. Loo, hofu aliyoipata! Mbao zililia, akafumba macho akamtaja kila mtakatifu aliyefundishwa kanisani. Alipoyafumbua alikuwa juu ya paa la boma. Bonde zima la Ruvuma lilikuwa mbele yake, na ng'ambo, nchi ya Mreno, yenye vilima vya buluu ambavyo hakuna aliyewahi kumwambia kuwa viko.

Mzunguko uliofuata akauona mkeka. Josephina alikuwa amesimama juu yake, mikono kichwani. Gervas alikuwa anakimbia. Alikimbilia vyooni, akakimbilia kwenye mlingoti, akamshika askari mkono, akachungulia chini ya lori. Alitafuta kila mahali duniani, ila hakuangalia juu. Dominika alimwonea uchungu mpaka machozi yakamlenga, na hapo hapo akaogopa asije akamwona mapema.

Gervas alifika penye pembea anahema. Akauona mkongojo mkononi mwa mtu asiyemjua, rangi ikampotea.

"Huu umeupata wapi? Mwenyewe yuko wapi? Mwanamke, kiwete—"

"Kiwete sijamwona," akasema Safari. "Nimempandisha Mmakonde mmoja mwenye mdomo mchafu."

Ndipo Gervas akainua uso.

"Ndugu yako?" akadakia Bonifasi. "Mchukue, baba, mchukue haraka. Safari, zuia."

Pembea ikalegea. Kisanduku kikashuka polepole, na Gervas akanyoosha mikono yote miwili, kama alivyomnyooshea asubuhi kwenye baiskeli. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Njoo, dada. Yamekwisha. Nilidhani umekufa."

Dominika aliogopa kurudi juu kuliko alivyoogopa mara ya kwanza, maana sasa alikujua. Akaitazama mikono ya mdogo wake. Ilikuwa imembeba miaka yote bila kuchoka, na kila mara ilimtua pale ilipotaka yenyewe.

"Sishuki, Gervas," akasema. Akalikamata gongo. "Sukuma, mtani."

Safari akasukuma. Kisanduku kikaipita mikono iliyonyooshwa, kikaanza kupanda.