Filamu Alizotafsiri Laure

Huko Manika, mjini Kolwezi, mtu hatazami filamu peke yake hata kama televisheni ni yake. Jioni, mwanga wa buluu ukishaonekana dirishani, watoto wa majirani huingia mmoja mmoja na kuvua ndala mlangoni, na kati ya watazamaji lazima awepo mmoja wa kueleza. Filamu ikiwa ya Kifaransa, aliyesoma huwaambia wasiosoma: sasa huyu amekasirika, sasa yule anasema atarudi kwao. Hakuna anayemwomba afanye hivyo. Ni kama kumpisha mzee kiti.

Kaku Tshiela, yaani Bibi Tshiela, alikuwa amezoea kuelezwa. Marehemu mume wake, Lukusa, aliyefanya kazi mgodini tangu ujana wake, ndiye aliyekuwa akimfasiria habari kutoka Kifaransa. Habari za vita alikuwa akiziruka, maana alijua mkewe hatapata usingizi. Kaku alijua kwamba anaziruka, na hakuwahi kumwambia kwamba anajua. Watu wawili wakiishi pamoja miaka mingi hufanyiana mema ya namna hiyo, wala hayasemwi.

Lukusa alipokufa, nyumbani walibaki Kaku na mjukuu wake Laure. Mama yake Laure, Blandine, alikuwa Hispania, katika mji wa Zaragoza, akimtunza bibi kizee asiyeweza kutoka kitandani. Aliondoka Laure akiwa bado anabebwa mgongoni, akasema atamfuata mtoto wake karatasi zikikamilika. Karatasi zilichelewa mpaka mtoto akafika umri wa kuteka maji mwenyewe, wa kusuka wenzake nywele, wa kupoza chai ya Kaku kwa kuihamisha kutoka kikombe hadi kikombe bila kumwaga hata tone.

Hatimaye Blandine alipiga simu akilia kwa furaha. Mtoto ataondoka mwaka ule, shule zitakapofunguliwa. Jambo lililobaki ni lugha.

"Mama, ule mutoto akifika huku bila Kihispania, atakuwa sawa bubu," alisema. "Nitamutumia filamu. Aangalie kila siku."

Filamu zilikuja ndani ya flashi ndogo, mkononi mwa Tata Ngeleka aliyekuwa akirudi kutoka Ulaya. Kwanza katuni za watoto, halafu mchezo mrefu wa kuigiza, kuhusu familia moja yenye tanuri la mikate. Blandine aliagiza kila kitu kama daktari anayetoa dawa. Filamu iwe kwa Kihispania chenyewe, bila maandishi ya Kifaransa chini. Maneno wanayoyasikia wayarudie kwa sauti. Na juu ya yote:

"Mama, usimuache anaongea Kiswahili wakati filamu inaenda. Hata kama hasikii kitu, asikilize tu. Sikio litajifunza yenyewe."

"Sawa, mwanangu," alisema Kaku, naye alikuwa amekusudia kutii.

Umeme ulipokuwa ukikatika, fundi Zéphirin, jirani mchomelea vyuma, alikuwa akivuta waya kutoka kwenye jenereta yake, akiupitisha juu ya ukuta bila kuambiwa. Kaku alipokwenda kumshukuru na mikate ya moto kwenye sahani, alikataa kusikia shukrani. Mikate aliipokea.

"Mutoto akienda kwa mama yake, si ni furaha ya siye wote?" alisema, huku akitafuna. "Lakini Kaku, hawa Bahispania banasema mbio! Sawa banafukuzwa na mbwa."

Katuni hazikuwa na shida. Paka alimfukuza panya, kila mtu akaelewa, na Laure aliokota maneno mawili matatu: habari za asubuhi, asante, njoo huku. Shida ilianza na tanuri la mikate. Jioni ile ya kwanza alitokea mwanamke mnene, mikono imejaa unga, akiegemea meza na kulia kwa kwikwi. Kaku alishika kifua.

"Masikini! Analilia nini?"

"Sijue, Kaku. Mi siyasikia bado."

"Haizuru, mama. Weye angalia tu. Mi nitaangalia manguo yao."

Alisema hivyo kwa moyo safi. Akaikunja mikono juu ya kitenge chake, akakaa kama mgeni aliyefika kwenye arusi asikojua mtu. Laure aligeuka akamtazama. Alimtazama kwa muda kidogo, mama wa mikate bado analia.

"Kaku," alisema, "analilia ndugu yake. Alienda mbali, na hajarudi."

"Ah! Unaona? Unasikia kumbe!"

Tangu siku hiyo Laure alieleza. Mama wa mikate alikuwa na ndugu aliyepotea, na binti aliyeolewa na mwanaume mvivu, na jirani mwenye kijicho aliyekuwa akija kununua mkate mmoja ili apeleleze. Kaku alimchukia jirani yule kwa moyo wake wote. Asubuhi, akikaanga mikate yake ya kuuza, ya mafuta kama maandazi, aliwahadithia wateja yaliyotokea jana, na wengine walianza kuja mapema ili wasikose. Jioni alikuwa akimaliza kazi haraka, anakaa, anavuta kitenge magotini, na Laure anaanza.

Watoto wa jirani nao walikuwepo, Dady na dada yake mdogo Banza, wamelala kifudifudi karibu kabisa na televisheni. Wao hawakuwa na mtu wa kumweleza. Neno likitoka kwenye filamu walilidaka na kulirudia kwa kelele, wakalirushiana kama mpira, wakacheka mpaka wakajigonga vichwa.

"Munyamaze, weye Dady!" Kaku alikuwa akiwakemea. "Munamusumbua Laure. Anasema na munapiga makelele!"

"Lakini Kaku, si walisema turudilie maneno?"

"Rudilia kwenu. Hapa kuna mutu anasikia."

Alilikumbuka agizo la Blandine. Alilikumbuka karibu kila jioni, kama mtu anayekumbuka kwamba hajafunga mlango wa kuku, kisha anasema atauangalia baadaye. Alijiambia kwamba mtu hawezi kueleza asichokisikia. Kwa hiyo anayeeleza sana amesikia sana. Hesabu hiyo ilimtosha, maana alikuwa akiitaka imtoshe.

Blandine akipiga simu na kuuliza, Kaku hakumwacha amalize.

"Kihispania? Eee! Usiulize! Ananieleza kila kitu, mpaka mwisho. Unajua jana yule mukwe mvivu amefukuzwa? Walimukuta analala ndani ya mifuko ya unga!"

Blandine alicheka mpaka akakohoa. "Mama, utakuja kuwa Muhispania mbele yangu!"

Laure alipopewa simu, alisema sentensi zake za katuni kwa sauti nzuri, kisha mtandao ukakatika kama kawaida. Siku moja baada ya simu kukatika alisimama nayo mkononi, akafungua kinywa kama anayetaka kusema neno, akakifunga, akaenda kuosha sahani. Kaku alimwona. Alidhani ni haya ya mtoto anayesifiwa mbele ya watu.

Siku ya kuondoka ilipofika, Kaku na majirani walimsindikiza hadi Lubumbashi. Njia nzima, kupita Fungurume na foleni ya malori ya madini, Laure alilaza kichwa kwenye bega la Kaku na hakulala. Kwenye uwanja wa ndege alisema tu, "Kaku, chai utapoza na nani?" Kaku alicheka, akamwambia asimchekeshe mbele ya watu.

Wiki za kwanza simu za Blandine zilikuwa fupi. Mtoto hajambo. Mtoto yuko shule. Kila Kaku alipoomba kumsikia, Laure alikuwa amelala, au ameenda kuoga. Halafu, mchana mmoja wa mvua, Blandine alipiga na sauti yake ilikuwa ngumu.

"Mama, mutoto wako ananikomoa."

"Laure? Laure hajui kukomoa mutu."

"Hafungui kinywa! Ku masomo hasemi, hajibu, hacheki. Mwalimu ananiita, anasema mutoto huyu hasikii kitu. Mi nikawaambia hapana, anasikia, nyumbani alikuwa anatafsiri filamu nzima! Walitaka kumuweka na bale bageni, banafundishwa lugha polepole. Nikakatala. Nilisema wamuweke na benzake, mutoto wangu anajua. Sasa ananipatisha haya. Ni juu nilimuacha, Mama. Ananilipiza."

Kaku aliinuka kwenye kigoda, akasimama.

"Nipatie ye."

"Chukua. Umugombeze sana."

Kulikuwa na kelele za kupokezana simu, na mlango ukafungwa. Kisha pumzi ya mtoto.

"Kaku."

"Laure, mama. Juu ya nini hausemi?"

Mvua ilipiga mabati ya Manika, na Kaku akaikandamiza simu sikioni.

"Sijue Kihispania, Kaku."

"Lakini ulikuwa unanieleza..."

"Nilikuwa natunga."

"Yote?"

"Yote." Sauti ilikuwa ndogo, bila kilio, kama mtoto anayesema mahali alipoweka ufagio. "Siku ya kwanza nilikuambia sijue, ukasema utaangalia manguo. Ukakunja mikono vile. Nilikuonea huruma. Nikasema kitu kimoja tu, nikijua kesho nitaacha. Kesho ukaniuliza, na ndugu yake amerudi?"

Kaku aliitazama televisheni iliyozimwa.

"Halafu nikisema, bale ba filamu nabo banasema," Laure aliendelea. "Sikuweza kubasikiliza. Nilikuwa nafikiri, nitamwambia Kaku nini sasa. Nilitaka kumwambia Mama ku simu. Lakini ulikuwa unafurahi."

"Juu mi nilikuwa nafurahi," alisema Kaku polepole, kama anayetafsiri.

"Usimwambie Mama, Kaku. Atakukasirikia."

Hapo ndipo moyo wa Kaku Tshiela ulipovunjika. Kukosa lugha ni kitu kinachotibika, na watu wengi wameishi bila Kihispania wakafa na kuzikwa vizuri. Lakini mtoto huyu, peke yake katika mji wa watu, bado alikuwa akimkinga bibi yake asiguswe na baridi.

"Nipatie mama yako," alisema. "Na weye usiogope. Hii ni yangu."

Blandine alirudi kwenye simu. "Umemugombeza?"

Kaku alisimulia. Hakujipamba. Alisema agizo alilikumbuka na alilivunja, kwa sababu aliona uchungu kukaa mbele ya filamu bila hadithi. Alisema Dady na Banza, ambao aliwanyamazisha, leo wanahesabu kwa Kihispania uani wakiruka kamba, wakati yule aliyepaswa kujua alikuwa akimtumikia yeye. Alisema maneno "anajua kila kitu" yalitoka kinywani mwake, hayakutoka kwa mtoto.

"Kesho enda ku masomo," alimalizia. "Uwaambie wamuweke na bale bageni. Uwaambie ni kosa ya kaku yake. Niite mujinga, haizuru."

Blandine hakumwita mjinga. Kaku aliitazama simu kuona kama bado inawaka.

"Mama," alisema mwishoni, na sauti ile ngumu ilikuwa imekwisha. "Kuna kitu nilifanya."

"Ulimupiga?"

"Apana. Nilikatala Kiswahili humu ndani. Nilisema, mpaka useme Kihispania, sitakujibu. Akiniita kwa Kiswahili, nageuka sawa sisikii. Nilifikiri anajua, anakatala tu. Anasimama hapa ku jiko ananiambia, Mama, kichwa kinaniuma, na mi nakata kitunguu."

"Tangu lini?"

"Tangu alifika."

Kaku aliketi kwenye kigoda. Shuleni hasemi na mtu, nyumbani hajibiwi. Hakuna nafsi moja katika mji ule wote iliyoongea na mtoto wake, na yeye, huku, alikuwa akiwaambia wateja kwamba Laure amezoea Ulaya.

"Enda umuone," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Muulize kama amekula. Kwa Kiswahili."

Alisikia ndala za Blandine zikiburuta sakafuni, na mlango ukigongwa, taratibu, kama mtu anayegonga nyumba isiyo yake.

"Laure. Laure, mama yangu, umekula?"

Kisha sauti ya mtoto ilikuja kutoka nyuma ya mlango, ya adabu, ya wazi, sauti ya mtu anayekumbuka sheria ya nyumba, kwamba ndiyo husemwa kwa Kihispania.

"Sí, mamá."

Blandine aliuliza tena, kwa Kiswahili, na sasa alikuwa akilia. Mtoto akajibu yale yale.