Makoye Chini ya Gunia

Siku ile mjinga alikuwa Makoye, na hata ukimuuliza mwenyewe hakatai. Mtu mzima, baba wa watoto, amejikunyata kwenye kona ya ghala la pamba, gunia tupu limemfunika kuanzia utosini, vumbi la pamba linamtekenya puani, na darasa zima la kisomo cha watu wazima linamcheka.

"Makoye!" aliita mkaguzi, kijana mwembamba aliyeletwa na Landrova kutoka Geita. "Makoye yupo?"

"Yupo," alijibu Jilala, "ila leo kaja kama mzigo."

Wakacheka tena. Makoye akauma meno.

Kilichomtia humo ni mama mkwe. Zamani mama huyo alikaa ng'ambo ya mbuga, na Makoye aliweza kumaliza msimu mzima bila kuona hata kivuli chake, kama inavyompasa mkwe wa Kisukuma mwenye adabu. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, watu wakapangwa mistari kama viazi kwenye matuta, na mama mkwe akapandwa jirani. Tangu hapo Makoye akawa mtu wa kuishi kwa kunusa upepo. Akisikia kikohozi chake kisimani, hukata kona na ndoo tupu. Asimtazame usoni, asipishane naye, asilitaje jina lake.

Darasani walikuwa hawakutani: wanaume jioni, akina mama mchana. Nani angejua kwamba siku ya mtihani wote wangekusanywa katika ghala moja, lenye mlango mmoja? Makoye aliwahi, akakaa ndani kabisa. Mama mkwe alichelewa, akakaa mlangoni. Na meza ya mtihani, ili ipate mwanga, iliwekwa pale pale.

Makoye aliona ncha tu ya kanga yake, akavuta gunia.

Wala haikuwa siku ya kuchezea. Chama cha ushirika kilitafuta mpimaji wa pamba, na kamati ilikwisha kusema atatoka miongoni mwa watakaofaulu. Makoye alikuwa mbebaji. Asubuhi alikuwa akiinuka kitandani kwa vipande: kwanza kiwiko, halafu goti, halafu matusi. Mpimaji habebi gunia, hubeba kalamu. Ndiyo maana alikata herufi zake mwenyewe kwenye maboksi ya sabuni, akawa anazimwaga chini kila usiku na kuzipanga, mpaka watoto wakadhani baba anapiga ramli.

Mkaguzi alimwaga herufi mezani, akazisoma kwa sauti. "N, A, U, G, I. Panga neno, taja maana."

Mle gizani herufi zikaanza kutembea zenyewe, moja ikimpisha mwenzake.

"Gunia!" alipayuka Makoye.

"Maana yake?"

"Si ndilo hili!"

Ghala likaripuka. Hata mkaguzi alijifuta machozi. "Neno umelipata, mzee. Lakini kanuni inataka upange kwa mkono wako, hapa mezani. Njoo."

Makoye akatoa mguu mmoja. Akaurudisha.

Mkewe, Limi, alimsogelea kwa magoti. "Baba Esta, toka."

"Mama yako yuko pale."

"Najua yuko pale, ndiye aliyenizaa. Toka!"

"Nimpitie ubavuni kama mbuzi? Watu watasema nini?"

"Wanasema sasa hivi. Husikii?"

Alisikia. Alisikia pia mkaguzi akihema, akingoja, kisha akiita jina jingine: Jilala.

"I, N, Z, A, M, I."

Mkaguzi hajafika mwisho, neno lilikwisha kukaa sawa ndani ya gunia. Jilala alipapasa, akaanza na Z, akaiondoa, akajikuna. Makoye alilisema neno kwa midomo bila sauti, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayemwona mwenzake akila chakula chake.

"Mizani," alisema Jilala mwishowe. "Ni kitu cha kupimia. Na wa kusimama nyuma yake ni mimi."

Makofi yakapigwa. Makoye hakutoka hadi mlango ulipobaki mweupe. Alitoka na ndevu zimejaa nyuzi za pamba, amezeeka mchana mmoja. Limi alikuwa akimngoja penye pembe ya ghala. Na upande wa pili wa pembe hiyo, alijua, amesimama mama mkwe. Hasira zikampanda. Akausemesha ukuta.

"Limi, mwambie mama yako amenizibia mlango! Heshima niliyompa ndiyo inayonirudisha kwenye kubeba. Mwambie!"

Limi hakuwa na haja ya kurudia. Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta, taratibu, haina haraka.

"Limi, ng'wanawane, mwambie mumeo hivi: mimi nilipokaa tu niligeukia nje, nikajifunika kanga gubigubi, ili apite. Yeye alijifunika ili apite nani?"